NYUMBA YETU: Paipu ya Umeme Ikivunjika Usiifunge Tepu

Mwezi huu ukurasa wetu unaingia kwenye umeme. Siyo umeme wote, maana huo ni mkubwa kama bahari. Tutazungumza juu ya kitu kimoja tu ambacho wengi wetu hatukitazami: ile paipu ya plastiki inayopitisha nyaya ukutani na darini.

Mimi si fundi, ni mwalimu wa kujitolea tu. Kilichonifanya niandike ni mwanafunzi wangu.

Tulikuwa kwenye somo la sayansi, tunajifunza vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Nikauliza nani ana mfano. Msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja akanyoosha mkono akasema, "Kamba ya kuanikia nguo, mwalimu." Darasa zima likacheka. Nikamwambia kamba haipitishi umeme. Akashikilia lake: "Ya kwetu inapitisha. Mama akianika nguo mbichi inamng'ata."

Jamani, hapo mimi sikucheka tena. Nikamwuliza kamba yao ni ya nini. Akasema ni waya wa chuma, umefungwa kwenye bati.

Familia hiyo ni kama wengi wetu. Walikimbia mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wakatembea hadi Quitunda, wakahangaika huku na huku. Sasa wanalala hapa kambini siku nyingine na siku nyingine kwenye nyumba yao ya mjini, wanaikarabati kidogokidogo. Upande mmoja wa nyumba uliungua na mabati yakaibiwa. Baba ameezeka upya, umeme ukawashwa, watu wakafurahi. Basi mama akaanza kusikia ganzi mkononi kila akianika nguo. Bibi akasema nyumba ikikaa bila watu huingiwa na wengine, akafukiza ubani. Simlaumu bibi, kila mtu hutumia dawa anayoijua. Lakini ganzi haikuondoka.

Jioni ile nilikwenda na fundi umeme mmoja, mzee wa makamo tunayekaa naye jirani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwaondoa watoto wote uani. Cha pili, alizima meni swichi. Ndipo akapanda ngazi.

Alichokikuta ni hiki. Paipu iliyopita chini ya ukingo wa paa ilikuwa imepata moto wa 2021. Haikuungua yote, ila ililainika, ikabonyea, ikapasuka ubavuni. Aliyekuja kuezeka aliona ufa, akazungushia tepu nyeusi, akaendelea na kazi zake. Bati jipya likakaa juu ya ile tepu. Jua likaikausha tepu ikafunguka, na kila kusi ikivuma bati linatikisika na kukereza paipu kama msumeno, mpaka likafika kwenye shaba ya waya. Hapo paa zima likawa na umeme, na kamba ya nguo imefungwa paani.

Nikamwuliza mbona swichi kubwa haikujizima yenyewe. Akanijibu kwamba bati limekaa juu ya mbao kavu, na halikuunganishwa na waya wa ardhini. Umeme haukuwa na njia ya kushuka. "Umekaa pale juu," akasema, "unamsubiri mtu wa kuupeleka chini." Mama alikuwa akivaa ndala za mpira, ndiyo maana alipata ganzi tu. Mtoto wake wa mwisho huchezea maji ya beseni palepale chini ya kamba, na miguu mitupu.

Kwa hiyo ndugu zangu, neno langu la mwezi huu ni moja. Paipu haivunjiki bure. Kabla ya kuibadilisha, tafuta aliyeivunja, na ukishaibadilisha usiirudishe palepale alipo adui yake.

Paipu ina kazi gani?

Waya una shaba ndani, na shaba imevikwa plastiki. Ile plastiki ni kama shati. Paipu ni koti la juu yake. Inazuia msumari, panya, ukingo wa bati, unyevu na vidole vya mtoto visifike kwenye shati. Pia waya ukipata moto, paipu nzuri ya umeme imetengenezwa isiusambaze moto ule kwenda mbali. Faida nyingine ni kwamba waya ukiharibika unaweza kuuvuta ukapitisha mwingine bila kubomoa ukuta.

Nani anaivunja?

Hapa kwetu maadui wake ni hawa.

Moto ndio wa kwanza. Paipu iliyopitiwa na moto inaweza kuonekana nzima kwa mbali, kumbe imelainika na kuwagandamiza nyaya ndani. Nyaya za kawaida za nyumbani zimetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70 hivi. Moto wa nyumba unapita hapo mara nyingi. Kwa hiyo ukiona paipu imepinda kama mshumaa juani, jua kwamba waya wa ndani nao umekwisha. Usihangaike na paipu peke yake.

Wa pili ni jua. Paipu ya plastiki iliyo nje bila kivuli hugeuka rangi, ikakauka, ikawa inavunjika kama biskuti.

Wa tatu ni misumari. Mtu anataka kutundika kalenda au chandarua, anapiga msumari juu ya swichi, mahali palepale paipu inapopanda. Kanuni ni rahisi: paipu ya ukutani inatakiwa iende wima au ilale sawasawa kutoka kwenye swichi au soketi. Kwa hiyo usipige msumari juu, chini, kulia wala kushoto ya swichi kwa mstari ulionyooka.

Wa nne ni panya, hasa nyumba iliyokaa bila watu. Wa tano ni ukuta wenyewe. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo. Mchwa wakila miti, ukuta unainama, na paipu iliyochimbiwa ndani inakatika. Wa sita ni chumvi ya bahari. Hii haili plastiki, inakula visanduku vya chuma na skrubu, hadi paipu inabaki inaning'inia haina wa kuishika.

Wa mwisho ni sisi wenyewe, tunapoongeza jokofu, pasi na jiko kwenye waya mwembamba uliowekewa taa. Waya unachemka, paipu inachemka nao.

Umeme umezimwa kweli?

Hapa naomba tusome polepole, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Tulikaa muda mrefu bila umeme wa gridi. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa, wilaya zetu za kaskazini zikawa gizani. Tukazoea kwamba taa isipowaka hakuna umeme. Mazoea hayo ni hatari. Taa kutowaka siyo sawa na umeme kuzimwa.

Kwanza, wenye mita ya Credelec: salio likiisha, nyaya zinakuwa kama zimekufa. Wewe umepanda ngazi unashika paipu, kumbe kijana wako amekwenda dukani kununua umeme, anarudi anaingiza namba. Umeme unakukuta juu ya ngazi. Vivyo hivyo ukikatika mtaa mzima, unaweza kurudi dakika yoyote bila hodi. Kwa hiyo zima meni swichi kwa mkono wako, hata kama salio limeisha. Kisha weka mtu mzima mmoja asimame hapo, au funga kibao kwa kamba uandike: USIWASHE, KUNA MTU KAZINI.

Pili, ziko nyumba zinazopata umeme kwa njia mbili. Wengine wamevuta waya kutoka kwa jirani. Wengine wana jenereta au sola yenye mashine ya kugeuza umeme wa betri. Ukizima mita yako, ule mwingine bado unaingia. Uzime wote.

Tatu, pima. Fundi wetu alichukua testa yake, akaijaribu kwanza kwenye umeme anaoujua kuwa upo, ikawaka. Ndipo akapima waya wa kazi, haikuwaka. Kisha akarudi kuijaribu tena kule kwenye umeme. Nikamwuliza kwa nini mara tatu. Akasema testa iliyokufa nayo haiwaki, na wengi wameaminishwa na testa iliyokufa.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Nitaeleza hatua ili mjue kazi nzuri inavyofanana, muweze kumsimamia fundi. Kushika nyaya ni kazi ya fundi. Kutazama, kuuliza na kukataa kazi mbovu ni haki ya mwenye nyumba.

*Moja: Kutafuta chanzo.* Pale kwa yule mama, fundi hakukata paipu kwanza. Alipima kwa macho mahali bati linapoegemea, akaamua njia mpya ipite ukutani kiganja kimoja na nusu chini ya paa, mbali na ukingo wa bati.

*Mbili: Kuvuta nyaya.* Paipu haiwezi kubadilishwa na nyaya zikiwa ndani yake. Wavivu wanachana paipu mpya kwa kisu, wanaivisha juu ya waya kama soksi, halafu tepu. Hiyo siyo kazi. Fundi anafungua visanduku vya pande zote mbili, anafunga kamba imara kwenye ncha ya nyaya, anavuta. Nyaya zikitoka, kamba inabaki imepita katika sehemu nzima ya paipu, na hiyo ndiyo itakayorudisha nyaya baadaye.

*Tatu: Kukagua nyaya.* Zikunje kidogo. Kama plastiki yake imekuwa nyeusi, ngumu, au inapasuka ikikunjwa, ni za kutupa. Shaba ikiwa imeota kijani, kata mpaka ufike penye shaba safi, na ikiwa kijani kimekwenda mbali, tupa. Waya mpya utoke kisanduku hadi kisanduku bila kiungo katikati. Kiungo ndani ya paipu ni mwiko: hakionekani, hakikaguliki, na ndicho kinachochemka kwanza.

*Nne: Kukata.* Sehemu mbovu ikatwe hadi ufike penye paipu ngumu yenye umbo lake. Mkato uwe umenyooka, na kingo za ndani zisuguliwe kwa kisu au tupa, maana ukingo mkali utachuna waya mpya siku hiyohiyo ya kuupitisha. Paipu mpya iwe ya kipimo kilekile. Za nyumbani mara nyingi ni milimita 20, na ziko za 16 na 25. Chukua kipande cha ile mbovu uende nacho dukani, usikisie. Kiungio kitiwe gundi yake, kisiachwe kinachezacheza.

*Tano: Kona.* Paipu ikunjwe kwa springi ya kukunjia ili isibonyee, au itumike kona ya kununua. Kuipasha kwenye jiko la mkaa na kuikunja kwa goti hubana njia, na nyaya zitakwaruzika.

*Sita: Kushikiza.* Klipu ziwe karibu karibu, kila mita moja au pungufu, na nyingine karibu na kila kona na kila kisanduku. Paipu ikisikia upepo isitikisike. Kwa nyumba ya miti na udongo, fundi alinishauri paipu isichimbiwe ukutani. Igongomewe ubao mkavu juu ya ukuta, paipu ikae juu ya ubao. Udongo ukipasuka, ubao utabaki. Na mdomo wowote wa paipu ulioko nje utazame chini, mvua isipate mlango.

*Saba: Kurudisha nyaya.* Zisijazwe kama dagaa. Zikichukua zaidi ya kiasi cha nusu ya nafasi, joto halitoki na kuzivuta kunazichuna. Kawaida waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, na 2.5 ni wa soketi.

Tahadhari ya rangi, hasa sisi wa mpakani

Hapa Palma vitu na mafundi vinatoka pande mbili. Wengine wamejifunza Tanzania, wengine Nampula au Pemba. Kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza uliokuwa ukitumika Tanzania, waya mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ni wa kurudisha. Kwa utaratibu unaotumika upande wetu, wa kurudisha ni wa buluu, na wenye umeme ni wa kahawia au mweusi. Mmeona hatari? Mweusi wa huyu ni salama, mweusi wa yule unaua. Kwa hiyo rangi isiaminiwe, ipimwe. Na waya wa kijani na njano ni wa ardhini peke yake. Usikubali utumike kwa kazi nyingine hata kama waya umepungua.

Kuna jambo lingine dogo. Kama nyumba ni kongwe na ina paipu za chuma, mwulize fundi kama paipu hizo ndizo zinazopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Zamani ilikuwa hivyo. Ukikata kipande cha chuma ukaweka plastiki, umekata njia ile bila kujua, na nyumba yote inabaki bila kinga. Lazima upitishwe waya wa ardhini ndani ya plastiki ile.

Maswali niliyoulizwa wiki hii

*"Mwalimu, paipu ya maji si ileile?"* Hapana mzee wangu. Paipu nyingi nyeusi za maji, na mpira wa kumwagilia bustani, hushika moto na kuupeleka. Nunua ya umeme.

*"Na tepu je, haina kazi kabisa?"* Ina kazi yake, lakini siyo kazi ya paipu. Usiku ukiona ufa, usizungushie tepu ukalala. Zima, ulale gizani, asubuhi mtafute fundi. Giza la usiku mmoja tunalijua, tumeshalizoea.

*"Paipu ikivunjika kutoka nguzoni hadi kwenye mita?"* Hapo hata fundi wa mtaani asiguse. Ni kazi ya EDM. Waondoe watoto, uwapigie.

Kabla ya kuwasha

Fundi asiwashe akaondoka. Mwambie apime nyaya kama hazigusani, na kama waya wa ardhini unafika. Mwulize pia kuhusu swichi ya kinga ya mtu, ile inayojizima umeme kidogo tu ukivujia mwilini. Ya nyumbani huwa na alama ya 30 mA na kitufe cha kujaribia. Bonyeza kitufe: ikijizima, iko hai. Isipojizima, ibadilishwe. Kama nyumba haina, fedha ya kwanza utakayopata baada ya paa, nunua hiyo.

Na mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima kwanza. Kama swichi iko mbali, simama pakavu, umsukume na mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama hapumui, itisha msaada na umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, hadi msaada ufike. Aliyepona naye apelekwe kituo cha afya hata akisema yuko sawa, maana umeme unaweza kuvuruga moyo baadaye.

Yule mama sasa anaanika nguo kwenye kamba ya katani, imefungwa kati ya mnazi na mwembe, mbali na bati. Paipu imepita njia yake mpya, na ile ya zamani fundi alinipa niipeleke darasani. Iko juu ya meza yangu, ina ubavu uliopasuka na tepu bado inaning'inia. Yule msichana ndiye aliyewaeleza wenzake kilichotokea, na safari hii hakuna aliyecheka.

Wazazi wangu, wengi wetu tunarudi kwenye nyumba zilizokaa miaka bila sisi. Tunatazama paa, mlango na kisima, tunashukuru, tunawasha taa. Naomba kabla ya kuwasha tuzunguke nyumba mara moja mchana, macho juu, tufuate kila paipu toka mwanzo hadi mwisho. Na mtoto akisema ukuta unang'ata, bomba linang'ata au kamba inang'ata, tusimcheke na tusimkaripie. Tuzime kwanza, halafu tumwulize ni wapi.

Kazi ya nyumbani kwa wanafunzi: mkiwa na mtu mzima, bila kugusa chochote, hesabuni sehemu ambazo paipu ya umeme imepasuka, imepinda au imefungwa tepu, nyumbani na jirani. Andikeni kwenye daftari mje nayo. Mzee fundi amekubali kuja darasani Ijumaa ijayo asubuhi, na wazazi mnakaribishwa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya paa na maji ya mvua. Kaeni salama.